Ulimuuliza Ana Kilo Ngapi?



Tafakari hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu humu ndani mimi si mhubiri, ni mkosaji. Lakini Jumapili ya Kwanza ya Kwaresima iliposomwa tena Injili ya majaribu ya Bwana jangwani, nilikosa pa kujificha. Basi mnivumilie.

Mtoto wa shangazi yangu yuko Florida, Marekani. Alikwenda kusomea ufundi wa ndege, na huko akajifunza kuruka kwa parachuti. Si jeshi wala kazi, ni mchezo tu wa siku za mapumziko. Bibi yetu alipoelezwa kuwa mjukuu wake anatoka kwenye ndege ikiwa bado angani, aliuliza swali moja: "Kwani ndege imeharibika?" Akaambiwa hapana, ni nzima. Akachukua rozari yake, hakuuliza tena.

Mimi nilikuwa tofauti, nilifurahi. Si unajua sisi mafrateri, maisha yetu ni kengele: kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya chakula. Sasa unaletewa video ya ndugu yako wa damu amesimama kwenye mlango wa ndege, futi kama 13,000 juu, kisha hayupo mlangoni! Anaanguka karibu dakika nzima kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa, halafu mwavuli unafunguka na dunia inatulia. Nilikuwa naiangalia hiyo video kabla ya kulala.

Marekani, ili upate leseni ya kwanza ya mchezo huo, ile wanayoiita A, ni lazima uwe umeruka angalau mara 25. Alipoipata, akaanza kutafuta mwavuli wake mwenyewe aache kukodi. Hapo ndipo aliponitafuta mimi, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Lakini hamtanielewa nisipowaeleza kwanza kitu chenyewe.

Toeni kichwani ule mwavuli wa duara wa askari kwenye filamu. Miavuli ya siku hizi ya mchezo huu ni bawa. Mtu aitwaye Domina Jalbert ndiye aliyebuni aina hiyo miaka ya 1960: kitambaa kilichoshonwa vyumba saba au tisa vilivyopangana, kila chumba kina mdomo wazi mbele. Hewa inaingia, vyumba vinajaa, kitambaa laini kinakuwa kigumu kama bawa la ndege. Kwa hiyo kitu hicho hakikushushi tu, kinaruka kwenda mbele na wewe ndiye rubani wake, una mshikio mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Vuta wa kulia, unakata kulia. Ukikaribia ardhi vuta yote miwili kwa pamoja, bawa linapunguza mwendo, unatua kwa miguu yako kama mtu anayeshuka ngazi.

Ukubwa wake hupimwa kwa futi za mraba. Miavuli ya wanafunzi ni mikubwa, 200 na kuendelea. Ya wazoefu ni midogo, na midogo ndiyo mizuri kuitazama: inakimbia, inakata kona kama mbayuwayu. Lakini mtu hachagui mwavuli kwa kuutazama, anachagua kwa hesabu. Unachukua uzito wako wote unapotoka kwenye ndege, mwili na nguo na begi la parachuti, kwa pauni, unagawanya kwa futi za mraba za mwavuli. Walimu wengi humwambia anayeanza asizidi moja. Ndugu yangu alikuwa na kilo 82. Vifaa weka kilo 12. Jumla kilo 94, yaani pauni 207. Kwa mwavuli wa 210 anapata 0.99. Mwalimu wake akamwambia: chini ya 210 usiguse.

Sasa akatokea mtu anauza mwavuli wa 150, umetumika kidogo, bei nzuri. Aliyekuwa anauza alikuwa ameruka mamia ya mara, na hakudanganya chochote: kitambaa kizima, kamba nzima, karatasi zote zipo. 207 gawanya kwa 150 ni 1.38. Huhitaji shahada ya falsafa kuona kwamba hiyo si moja.

Akanitumia ujumbe: "Frateri, mwalimu wangu mwoga. Anataka niruke na hema la harusi. Nimepata kitu kizuri, unasemaje?"

Vijana wenzangu, nilikuwa nimetoka sala ya jioni, moyo una moto. Nikarekodi sauti ya dakika nne. Nilimweleza Petro alivyotweka mpaka kilindini. Nilimweleza Daudi, kijana mdogo kabisa, alivyokataa kutishwa na watu wazima waliojaa woga. Nikamwambia hofu haitoki kwa Mungu. Nikamalizia kwa kumpa Zaburi ya 91 aisome kila anapopanda ndege, ile ya malaika wanaokuchukua mikononi usijikwae mguu. Akanijibu kwa moyo na mikono iliyokunjwa kusali. Kesho yake akanunua.

Mruko wake wa nne na mwavuli ule, upepo uligeuka wakati tayari yuko chini. Akajikuta anaenda na upepo badala ya kuukabili, ardhi inapita kwa kasi mbele yake. Akiwa juu kama urefu wa mnazi, akavuta mshikio mmoja kwa nguvu ili ageuke. Bawa likageuka kama alivyoliamuru. Lakini bawa linapokata kona hulala ubavu na kupiga mbizi, na likiwa dogo hupiga mbizi zaidi na mapema zaidi. Hakukuwa na nafasi ya kunyooka tena. Alivunjika paja na kifundo cha mguu.

Mwavuli ulikuwa umefunguka vizuri kabisa, na hili ndilo lililonishangaza nilipoanza kusoma habari za mchezo huu, kwa kuchelewa. Tunadhani watu huumia kwa sababu parachuti imegoma kufunguka. Kumbe sehemu kubwa ya ajali mbaya hutokea chini ya miavuli mizima, iliyofunguka vizuri, kwa kona iliyokatwa karibu na ardhi. Na ndugu yangu alikuwa amefundishwa: ni heri utue na upepo bawa likiwa sawa, ujiviringishe, uchafuke, kuliko kugeuka ukiwa chini. Alilijua hilo, na angeweza kuliandika kwenye mtihani. Ila mambo uliyoyafanya mara 29 hayajashuka bado mikononi, na zikibaki sekunde mbili mikono ndiyo inayoamua. Mwavuli mkubwa ungempa sekunde zaidi. Kwa umbo lile lile la bawa, kutoka 210 kwenda 150 mwendo unaongezeka kwa karibu asilimia 18, na nguvu ya kugonga chini kwa karibu asilimia 40. Hema la harusi, kumbe, ni muda wa kufikiri.

Shangazi alinipigia kutoka nyumbani. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema: "Baba, mtoto ameniambia alikuuliza wewe." Basi, akakata simu. Tunao msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule niliugeuza kila upande na kila upande ulinichoma, kwa sababu yeye alisikia, ila alinisikia mimi.

Nilikwenda kwa padri mlezi wangu wa kiroho. Nikamsimulia yote, na nadhani nilikuwa nategemea anifariji, aniambie nia yangu ilikuwa njema. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza:

"Ulimuuliza ana kilo ngapi?"

"Hapana, padri."

"Mwalimu wake ulijua amesema nini?"

"Ndiyo, aliniambia mwenyewe."

"Na wewe ukamjibu kwa Zaburi."

Akanyamaza. Kisha akaniambia nirudi chumbani nifungue Mathayo sura ya nne, nitazame ni nani mwingine aliyewahi kuitumia Zaburi hiyo kumshauri mtu aliye mahali pa juu.

Mnaikumbuka. Yesu yuko kwenye kinara cha hekalu. Shetani anamwambia ajitupe chini, na safari hii hatumii mkate wala fahari ya dunia, anatumia Maandiko. Anachukua Zaburi ile ile, mistari ile ile ya malaika na mguu usiojikwaa. Na Bwana hamjibu kwa kuruka ili kuonyesha imani. Anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwamba Mungu hajaribiwi. Nilikuwa nimeisikia Injili hiyo kila mara inaposomwa Kwaresima, nimeihubiria watoto wa Kipaimara kwa michoro ubaoni, na sikuwahi kufikiri kwamba katika picha ile mimi naweza kuwa yule anayeongea. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka kengele ya chakula ikapita.

Halafu kuna Daudi. Yaani huyu ndiye aliyenimaliza. Nilimtumia kama tunavyomtumia sote: mdogo amshinda jitu, usiogope. Rudini 1 Samweli 17 msome kabla ya kombeo. Sauli anamvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita: kofia ya shaba, deraya, upanga. Vilikuwa vifaa vya mfalme, na nia ya Sauli ilikuwa njema kabisa. Lakini Sauli, kitabu hicho kinatuambia mapema, alikuwa mrefu kuliko watu wote, wengine walimfika mabegani. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anavua. Sababu anayoitoa si ya kiroho hata kidogo: hajavizoea. Anarudi kwenye fimbo na mawe, vitu ambavyo mikono yake ilivijua miaka yote ya kuchunga kondoo. Daudi niliyemhubiri katika ile sauti ya dakika nne angeingia vitani na deraya la mtu mwingine, na tungekuwa tunasoma habari nyingine. Yule aliyeuza mwavuli alikuwa Sauli, mtu mwema mwenye kifaa chema kilichokaa sawa mwilini mwake. Aliyetakiwa kumwambia ndugu yangu "vua, hujauzoea" ni mimi.

Cha aibu zaidi, haya niliyafanyia mtihani. Aristotle katika kitabu cha pili cha Maadili anasema kipimo cha fadhila ni kile kinachotuhusu sisi, si cha kitu peke yake, na anatoa mfano wa chakula: kiasi ambacho ni kidogo kwa Milo, yule mpiganaji mieleka maarufu, ni kingi kwa mtu anayeanza mazoezi. Kwa anayeanza! Nilipata alama nzuri kwenye swali lile. Mwavuli wa 150 si mdogo wala mkubwa mpaka niambiwe ni nani ananing'inia chini yake. Kwa binti wa kilo 50 aliyeruka mara 500 huenda huo ni wa kistaarabu tu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akizungumzia sehemu za fadhila ya busara, anaweka moja ambayo tungeiita kufundishika, ule wepesi wa kupokea maneno ya waliotutangulia. Anasema katika mambo ya busara hakuna anayejitosheleza, na hata wenye elimu wanatakiwa kufundishika. Ndugu yangu alikuwa naye mtu wa kumfundisha, mwenye macho juu ya kutua kwake kila wiki. Nilichofanya mimi, kwa jina la imani, ni kumtoa mikononi mwa mwalimu wake. Sijui miavuli, sijawahi hata kupanda ndege. Lakini nina sauti nzuri na mistari ya Biblia, na kijana akiwa anatafuta ruhusa, hivyo viwili vinatosha.

Najua wapo watakaoniandikia: basi busara ni woga, frateri? Katekisimu namba 1806 imewatangulia, inasema wazi busara haichanganywi na hofu. Na wengine wataniuliza kama mchezo wenyewe si dhambi. Sidhani. Namba 2290 inawalaumu wanaohatarisha usalama kwa kupenda mwendo kasi, barabarani, baharini na hata angani, nanyi mkitaka muisome mkiwa juu ya bodaboda. Inacholaumu ni mwendo usio na kipimo, na ndugu yangu siku ile aliruka bila kipimo kwa sababu kipimo alichopewa tulikicheka.

Kuna jambo moja alinifundisha yeye mwenyewe akiwa kitandani, mguu una vyuma. Begi la mgongoni lina miavuli miwili: mkuu, na wa akiba ambao unaomba usiutumie kamwe. Begi hushonwa kwa ukubwa maalumu. Ukichagua mwavuli mkuu mdogo, utapata begi dogo, na begi dogo huingiza akiba ndogo. Kwa hiyo, aliniambia, wazee wa mchezo humshauri anayeanza afikirie kwanza ule wa akiba. Siku utakayouhitaji ndiyo siku yako mbaya kuliko zote: umechelewa, uko chini, pengine umeumia mkono, na hapo chini hakuna uwanja, kuna miti na mapaa ya nyumba. "Frateri," akasema, "mimi nilinunua kwa ajili ya siku yangu nzuri." Nililiandika hilo ndani ya jalada la breviari yangu.

Niko mwaka wa kichungaji sasa, parokiani, na vijana wanakuja. Juzi alikuja mmoja wa VIWAWA anataka kuacha kazi ajiunge na monasteri, ametoka tu kwenye mafungo ya siku tatu, uso unang'aa. Kinywa changu kilikuwa tayari kimefunguka, naapa, Petro na vilindi vyake vilikuwa vimefika kwenye ulimi. Nikameza mate. Nikamuuliza nyumbani nani anamtegemea. Ana wadogo wawili shuleni. Nikamuuliza ameongea na nani mwingine. Akasema hajaongea na mtu, alitaka kwanza asikie kwangu. Tukatoka, nikampeleka kwa paroko, nikarudi zangu kufagia sakristia. Sijui kama nilifanya vizuri. Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa kwaya alikuja na habari ya mkopo wa kufungua saluni na nikamhutubia dakika ishirini kuhusu ule mfano wa talanta kabla ya kukumbuka kumuuliza riba.

Ndugu yangu amepona, anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Ule mwavuli aliuuza, kwa mtu mzoefu, kwa hasara. Mwezi uliopita daktari alimruhusu kurudi hewani na akaanza upya na mwalimu yule yule, ambaye hakumwambia hata neno moja la "nilikuambia". Kilo ameongeza kwa kulala, amefika 88. Akaniandikia: "Frateri, nachagua mwavuli tena. Kuna 210 na kuna 230. Unasemaje?"

Nikamjibu: "Mimi sijui miavuli. Mwalimu amesemaje?"

"Amesema 230."

"Na wa akiba?"

Alichelewa kujibu. Kisha akaleta picha ya karatasi yenye hesabu zake za kalamu, pauni na futi, zimekatwakatwa na kurudiwa, na chini kabisa amechora hema la harusi lenye bendera.

Anaruka Jumamosi hii, saa tatu asubuhi ya kwao, ambayo ni saa kumi jioni ya kwetu. Nitakuwa naungamisha maua altareni, kama watani wangu wanavyoita kazi yangu ya kuyapanga. Naomba mnisaidie Salamu Maria moja saa hiyo, kwa Bikira Maria wa Loreto, msimamizi wa warukao angani. Mtajeni na shangazi. Bado hajanipigia, na Jumapili baada ya Misa nitapanda basi niende kwake.